Kosa langu la kambini lilivyotupatia jina la ukoo la Uvira

Wakuu, habari za huko mliko.

Hili lilinipata mimi mwenyewe hapa Sydney, sijaongeza chumvi. Wa kanisani kwetu Blacktown mtanitambua tu, chekeni taratibu.

Kwetu Kongo kila mtoto ana jina lake. Baba alikuwa Asukulu, mimi Faraja, basi. Sasa kwenye kambi ya wakimbizi tukijaza fomu za kuja huku, mkalimani akaniuliza, "Jina ya familia?"

Mimi nikasikia familia iko wapi. Nikajibu kwa kujiamini, nikitaja mji wetu: "Uvira."

Ikaandikwa. Nikatua Australia naitwa Faraja Uvira.

Nilizoea. Lakini 2021, katikati ya lockdown, mke wangu akiwa na mimba ya miezi minane, likaanza kuniuma. Huku jina linaloendelea ni surname, yaani jina la ukoo. Mtoto na wajukuu wote wangekuwa Uvira, na jina la marehemu baba lingefia kwangu. Mama yuko bado kule nyumbani na sikuwahi kumwambia. Niliona aibu.

Nikachukua fomu ya kubadili jina, surname iwe Asukulu.

Kazi yangu ilikuwa aged care, kutunza wazee kwenye makao yao, St Marys. Wageni marufuku, kwa hiyo wazee waliongea na sisi wenye barakoa tu. Asubuhi moja namlisha uji mzee mmoja mbishi, Mr Bradford, nikamsimulia. Alicheka nusura amwage bakuli.

"Mate, mine's the same." Yaani na lake ni hivyo hivyo.

Kumbe Bradford ni jina la mahali Uingereza, maana yake pale mto ulipo mpana na watu wanauvuka kwa miguu. (Bradford ziko kadhaa, hata yeye hajui yake ni ipi.) Zamani watu wa kawaida kule hawakuwa na surname. Mtu akihamia kijiji kingine, wenyeji wanamwita yule wa Bradford. Baadaye watoto wakalibeba.

"Nobody in Bradford was called Bradford," akasema. "You had to leave." Yaani Bradford kwenyewe hakuna aliyeitwa Bradford, mpaka uondoke.

Nilitoka shifti nikakaa kwenye gari, nikampigia mama na kukiri yote. Nikajua nimekwisha.

"Na mtoto utamuita nani?" akauliza.

"Nilitaka Asukulu, mama."

"Basi Asukulu wa Uvira. Si ni vile watu wa kwetu walikuwa wanamuitaka baba yako, wakati alikuja kunioa?"

Wakuu, sikuwahi kujua. Mama ni wa milimani, baba ndiye aliyekuwa mgeni kule. Nililia pale parking kama mtoto, barakoa ikalowa.

Fomu niliichana. Dogo alizaliwa salama, na cheti kinasoma Asukulu Uvira.

Nilichojifunza: mkalimani akikuuliza kitu usichoelewa, mwambie arudie. Na jambo la nyumbani linalokutia aibu, muulize mama kwanza kabla ya kwenda ofisini.

Haya, wewe msomaji. Ungepewa jina la mahali ulipotoka, leo tungekuitaje? Andika hapo chini.