Mzigo wa Matairi Mawili Juu ya Moja

Shemeji yangu ni dereva wa lori, na wenzake wanamwita Konokono. Kila anaposimama anashuka na kipande cha nondo, anagonga tairi moja baada ya jingine huku ametega sikio. Lililoshiba upepo huirudisha nondo juu. Lililopungua hutoa mlio mzito, kama kugonga godoro. Wenzake hucheka: "Konokono, bado hujamaliza kuwaamkia wazee?" Huwajibu kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Dada yangu hakuolewa na mpole. Mumewe amekwisha kufukuzwa kazi mara kadhaa, zote kwa sababu ya mdomo.

Mimi nauza matairi ya malori, mapya na yaliyotumika, pale barabara inapoanza kuteremka mlima. Asubuhi hiyo lori lake liliingia uwanjani kwangu likitambaa, limepakia saruji pomoni. Nyuma kushoto, kwenye pacha ya matairi mawili, tairi la ndani lilikuwa limepasuka, limebaki matambara kwenye rimu. La nje lilikuwa limesimama bado, lakini ubavu wake umechanika hadi nyaya za chuma zinaonekana.

"Shem, na hili nalo ni maiti," nikasema.

"Kamwambie mwenye gari. Mimi nimemwambia kwenye simu mpaka koo limekauka."

Mwenye gari alikuja na gari lake dogo, ambalo, niliangalia, lilikuwa na matairi mapya yote. Tumwite Tajiri, maana ndivyo anavyopenda. Nilimtajia bei ya mawili yanayolingana, bei ya kindugu kabisa. Akacheka puani.

"Wewe na shemeji yako mmekaa mkapanga kunila."

Nilianza biashara hii nikiuza viraka juu ya gunia, nikaitwa mwizi na watu wenye maneno makali kuliko yake, nikawauzia hivyo hivyo. Lakini siku hiyo damu ilinichemka.

"Vuka barabara," nikamwambia. "Kuna mwenzangu anauza. Nunua kwake, jeki nitakuazima mimi."

Hakuvuka. Alichuchumaa kando ya tairi, akafuta vumbi kwa kidole gumba penye maandishi.

"Haya, someni, wataalamu. Likiwa peke yake, kilo elfu tatu mia tano na hamsini. Yakiwa pacha, elfu tatu mia moja na hamsini. Tairi lenyewe linasema likiwa peke yake lina nguvu zaidi! Toeni hayo matambara, gari lishuke."

Hoja hii nimeisikia kwa wenye malori wengi, na kinachokera ni kwamba tarakimu wanazisoma sawasawa. Ile ndogo ni ya kila tairi moja ndani ya pacha, si ya yote mawili kwa pamoja. Yakikaa bega kwa bega yanapashana joto, na barabara ikilala upande moja linaelemewa kuliko mwenzake. Ndiyo maana kila moja linapunguziwa kidogo. Pamoja yanabeba zaidi ya tani sita. Ukitoa moja, mzigo wake hauondoki nalo. Wote unaliangukia lililobaki, na hilo mwisho wake ni tani tatu na nusu. Tena hizo ni hesabu za tairi zima, lenye upepo wa kutosha. Tairi lililochanika ubavu halina kilo hata moja ya kuahidiwa.

Nilimweleza yote hayo kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara.

"Huko ni kushuka tu," akasema. "Lori linateremka lenyewe."

"Ndiyo, Tajiri," Konokono akadakia. "Litateremka lenyewe mpaka sokoni."

Chini ya mlima, kwenye kona ya mwisho, wauza nyanya hupanga mafungu yao ukingoni mwa lami.

"Unapanda, au unanipa ufunguo?" Tajiri akamuuliza Konokono.

Nilisogea pembeni nikampigia dada, nikamweleza.

"Mwambie afunge mdomo aendeshe taratibu," akafoka. "Kila mwaka mimi ndiye wa kuwaeleza wanangu baba yao kafukuzwa tena!"

"Dada, kidole changu kinaingia kwenye hilo tairi."

Akasema, kwa hasira ile ile, "Basi mwambie aje nyumbani anywe chai."

Niliporudi, Konokono alikuwa ameshautupa ufunguo chini, na Tajiri ameshamwita dereva mwingine, kijana anayejiita Mshale. Alifika kwa pikipiki, miwani ya jua usoni.

"Konokono, toa pembe zako njiani. Mimi hata kwa rimu nashusha."

"Panda basi," Konokono akasema.

Akachukua koleo yangu mezani, akajiweka mbele ya tairi, si ubavuni linakopasukia, akanyoosha mkono na kuifungua valvu. Upepo ulipiga mluzi. Lori likainama kushoto taratibu, saruji na yote, mpaka rimu ikakalia mpira. Tajiri akamkwida ukosi.

"Umefukuzwa kazi!"

"Umechelewa. Nimeshajifukuza. Hii ilikuwa ya hasira zangu tu."

Lori lilikuwa limekaa kama ng'ombe aliyegoma. Tajiri alilizunguka, akapiga simu, akakata, kisha akanijia.

"Haya. Leta kwa ile bei."

"Ile ilikuwa bei ya bosi wa shemeji yangu. Sasa hivi shemeji yangu hana bosi."

Alitukana. Nilimwacha amalize, nikaongeza gharama ya kufunga. Akalipa. Mshale alisaidia kulivua lile la nje, na lilipolala chini akapenyeza mkono kwenye mpasuko, uliokuwa umeachama chini ya uzito wa rimu, hadi kwenye kifundo cha mkono. Alivua miwani. Akaanza kuyazunguka matairi mengine yote, moja moja, na Tajiri alipompigia kelele kwamba anachelewa hakugeuka.

Kwa dada, chai ilikuwa ya kununiana. Dada amemkasirikia mumewe, mumewe amenikasirikia mimi.

"Mtu yule unamuuzia?" akaniuliza. "Ungemwacha akaoze pale pale!"

"Tajiri hashuki mlima, shem. Nimemuuzia Mshale."

"Mshale mwenyewe mpumbavu."

"Mpumbavu," nikakubali. "Lakini wauza nyanya hawajamkosea mtu."

Akasukuma kikombe, akamuuliza mkewe kama amesikia popote wanapotafuta dereva. Dada akamwambia anyamaze kwanza, anywe.