Wasifu wa Marehemu Aliyekuwa Akinitazama

Nitawasimulia, lakini mkicheka chekeni polepole, maana mpaka leo nikipita lango la ile hospitali kule Ruiru natazama upande mwingine kama mtu aliyevunja dirisha la jirani.

Guka, babu yangu mzaa baba, alikuwa na miaka themanini na saba, akiishi Kalimoni na ng'ombe wake wawili. Mwaka jana alianza kuishiwa na pumzi hata akifunga kamba za viatu, na madaktari wakasema vali inayopitisha damu kutoka moyoni kwenda mshipa mkuu imekakamaa, lazima ibadilishwe. Mimi, msomi wa familia (nina digrii ya sosholojia, lakini kwetu nani anatofautisha?), nikasoma mtandaoni wikendi nzima nikajiridhisha kwamba mzee wa umri huo akiingia chumba cha upasuaji hatoki. Na kwa kuwa kwetu aliyesoma ndiye huandika wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini, nikaona heri nianze mapema.

Shida ni kwamba sikujua alibatizwa lini. Basi asubuhi ya kutia sahihi fomu ya kukubali upasuaji, nikaketi kando ya kitanda chake na daftari. "Guka, daktari anataka historia yako kidogo." (Uongo mdogo tu.) Akanijibu vizuri: kuzaliwa, shule, miaka yake katika kiwanda cha nguo Thika. Nilipofika kwenye ubatizo akanikazia macho.

"Huyu daktari anapasua moyo ama anafundisha katekisimu?"

Akanyakua daftari, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine: "'Marehemu atakumbukwa kwa ukarimu wake.' Marehemu gani?"

Wodi nzima ikageuka. Mzee wa kitanda cha pili aliacha uji wake. Na ni wakati huo huo daktari mpasuaji alipoingia na fomu mkononi, Tata Wanja, dada ya baba, akiwa nyuma yake.

"Daktari, rudi na karatasi yako," Guka akasema. "Aliyesoma ameshanizika. Nipelekeni nyumbani nikakamue."

"Ngai! Nyambura, umefanya nini?" Tata akanivamia.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana bila vali ile Guka hakuwa na muda mrefu, na sasa anakataa kwa sababu yangu. Nikakiri mbele ya wote kwamba nilisoma kurasa chungu nzima lakini sikuwahi kumuuliza daktari swali hata moja.

"Si umuulize sasa," Guka akasema. "Mimi nipo."

Nikauliza kama wazee wa rika lake hutoka chumba cha upasuaji wakiwa hai. Daktari akavuta kiti. Akasema hatari ipo, na mzee hupona polepole kuliko kijana, ila hawaangalii miaka peke yake; wanaangalia figo, mapafu, kama mtu anatembea na kujifanyia mambo yake, na wengi wanaopimwa hivyo hurudi makwao. "Kukaa bila upasuaji nako ni hatari," akamwambia Guka. "Uamuzi ni wako, mzee."

Guka akafikiri. "Nitatia sahihi. Lakini kwanza huyu asimame asome yote."

Nikasimama nikasoma, naye akinisahihisha kila mstari. "Mkarimu? Futa hiyo." "Ati nilistaafu? Nilifukuzwa, nilimwambia msimamizi ukweli!" Wagonjwa walicheka hadi muuguzi akaja kukemea, na yule mzee wa uji akaniuliza kama naweza kumwandikia wake pia, bora tu nisimwite mlevi.

Guka akatia sahihi. Haikuwa rahisi: siku za kwanza baada ya upasuaji alichanganyikiwa, akimwita muuguzi kwa jina la ng'ombe, na miezi mitatu alitembea na mkongojo akinung'unika. Lakini leo anakamua mwenyewe.

Sijaacha kusoma mtandaoni, na sitaacha. Ila nimeapa: nikiwa na shaka kuhusu maisha ya mtu, nitamuuliza yeye mwenyewe usoni, na daktari wake akiwepo, kabla sijashika kalamu.