Lami Ndani ya Chupa

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni nyundo ya Kabamba haikulia.

Watu wa Kabuta hawakutambua mara moja ni nini kilichopungua. Wachuuzi walifunga matenga ya samaki kwenye baiskeli zao, wakakaza mipira, kisha wakasimama wakitazamana. Kwa miaka ishirini na miwili walikuwa wameondoka ufukweni wakiisikia ile nyundo ya mti ikigonga pamba katika nyufa za mbao, ko, ko, ko, mwendo mmoja usio na haraka, na miguu yao ilikuwa imezoea kukanyaga pedali kwa mwendo huo huo. Siku hiyo lilisikika ziwa peke yake. Mmoja akauliza kama fundi amesafiri. Ukimya huo tukaishi nao hadi mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia kwisha.

Jean-Claude Kabamba alikuwa ameanguka kando ya mashua aliyokuwa akiiunda, uso wake ndani ya vumbi la msumeno. Kiharusi. Hospitalini walimrudishia mguu kwa kiasi fulani. Mkono wa kulia haukurudi. Na mdomo nao ulikuwa umegeuka: alilijua neno alilolitaka, lakini alipolivuta likaja jingine. Alitaka msumari, akasikika akiomba chumvi. Aliposikia kosa lake mwenyewe alinyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo watu walivyozidi kusema mbele yake kana kwamba hayupo. Wenye huruma walimsemesha kwa sauti kubwa, polepole, kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya maji. Wasio na huruma walisema kichwa kimekwenda pamoja na mkono.

Alizaliwa upande wa Kongo, karibu na Pweto, kwa baba aliyeunda mashua bila kuchora mstari hata mmoja. Alivuka ziwa Mweru akiwa kijana, juu ya mzigo wa vitenge, akikusudia kukaa juma moja. Alipofika Kabuta aliona mashua iliyovutwa mchangani ikitiririsha maji kutoka kila upande. Aliomba pamba, akaomba lami, akaikalafati, yaani akaziba nyufa zake, hadi jioni, maana mtu kama yeye hawezi kupita mbele ya mashua inayovuja kama vile wengine hawawezi kumpita mtoto anayelia. Binti wa mwenye mashua, Ireen, ndiye aliyemletea chakula. Juma lile halijaisha mpaka leo. Walipata binti, Taonga, ambaye sasa ni muuguzi mjini Mansa, na kwa desturi ya huku Ireen humwita mumewe Bashi Taonga, baba yake Taonga.

Mashua iliyobaki ufukweni siku ile ilikuwa ya Mama Colette, mfanyabiashara Mkongo anayepeleka watu na mizigo kisiwani Kilwa, humo humo Mweru, na kurudi na samaki. Mkuku, ule uti wa chini wa mashua, ulikuwa umelazwa, mbavu kumi na nne zimesimama, lakini mbao za ubavuni bado. Kuku walitaga humo. Colette alingoja kuanzia Juni hadi Novemba, na kwa mtu wa biashara huo ni muda mrefu. Mwishoni alikuja nyumbani kwa Kabamba, akaketi, akasema kama asemavyo siku zote, bila kuzunguka, akichanganya Kifaransa na Kiswahili cha Kongo.

"Papa Kabamba, miye sina mubaya na weye. Mais mbavu zinaoza. Wakifungua ziwa, mwezi wa tatu, nitamupa Aubrey kazi. Atamaliza ginsi yeye anajua."

Aubrey alikuwa mwanafunzi wa Kabamba kwa miaka saba kabla ya kuanza kazi yake mwenyewe. Yeye huunda mashua zenye tumbo bapa. Zinamalizika upesi, hazili mbao nyingi. Kabamba hakuwahi kuzikubali. Mashua yake ilikuwa na tumbo la mviringo lililozunguka mkuku, kwa sababu Mweru alasiri hujikunja bila kutoa taarifa, na tumbo bapa likishainuliwa upande mmoja halina la kulirudisha. Mashua ya Colette hubeba kina mama na watoto wao. Kabamba alitaka kumwambia hayo. Alichotoa ni sauti, kisha neno lisilohusika. Colette akainama, akamgusa goti, akaenda.

Basi jambo lililobaki lilikuwa hilo tu: mtu mwenye mashua nzima kichwani, na wiki kumi na tatu za kuwafanya watu waamini kwamba bado imo.

Mwezi wa Desemba uvuvi ukafungwa, kama kila mwaka, na ufukwe ukajaa wanaume wasio na la kufanya. Walikaa juu ya mashua zilizopinduliwa wakishona nyavu. Kabamba alikwenda kila siku kuzitazama mbavu zake, akizipapasa kwa mkono wa kushoto. Siku moja Aubrey, ambaye si mtu mbaya ila hupenda kuchekesha watu, akamwita, akiitaja mashua kwa jina la huku, bato.

"Ba Fundi, bato kubwa inawashinda sasa. Mujenge ya mu chupa. Mule hakuna mvua, hakuna mupepo. Hata mukono moja itatosha."

Walicheka. Kabamba naye alitabasamu kwa ule upande wa uso uliokuwa bado wake. Akarudi nyumbani akivuta mguu, akasimama mlangoni.

"Chupa," akamwambia Ireen.

Ireen alidhani ni yale yale. Akamletea chumvi. Akamletea kikombe. Akamletea shati.

"Chupa," akasema tena, akapiga meza.

Ireen akapata chupa kutoka nyumba ya wageni mjini Nchelenge, kubwa, ya kioo cheupe, pana tumboni, shingo yake ya kupita kidole gumba tu.

Utotoni Kabamba alikuwa ameona kitu kama hicho juu ya kabati la padri mmoja: merikebu ya milingoti mitatu ndani ya chupa. Padri alimweleza siri yake. Milingoti hulazwa, merikebu huingizwa ikiwa nyembamba kama samaki mkavu, kisha uzi huvutwa nje na milingoti ikasimama. Lakini mashua ya Mweru haina mlingoti. Ni pana kiunoni, ina motori nyuma, haina cha kulaza wala cha kuvuta. Kitu kama hicho hakipiti shingoni. Hakina budi kuzaliwa humo humo ndani.

"Si tukate chupa huku chini?" Ireen akashauri. "Tuingize, tugandishe tena. Nani atajua?"

Kabamba akatikisa kichwa. Akajielekezea kidole mwenyewe.

Alianza kwa udongo. Alichota ule wa kijivu wa ufinyanzi, akaumimina chupani ukiwa uji, akaulaza upande mmoja hadi ukakauka na kuwa ufukwe mdogo. Juu yake angelaza mkuku. Zana zake zilikuwa spoki za baiskeli. Alizinyoosha, akazipinda ncha, nyingine akazifanya ndoana, nyingine kijiko, nyingine kisu. Chupa aliibana magotini ikiwa imezungushiwa kitenge cha Ireen. Mbao alizichonga kutoka mti mwekundu uleule wa mashua kubwa, nyembamba kama ukucha, akaziloweka zipindike. Alizipitisha shingoni moja baada ya nyingine na kuzishika kwa gundi ya fundi viatu. Wiki ya kwanza hakusimamisha hata ubavu mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa wa mgeni. Uliangusha, ulisukuma ulipotakiwa kuvuta. Kabamba hakuukasirikia. Aliurudisha kazini kama alivyokuwa akimrudisha Aubrey zamani, bila neno.

Kufikia mwisho wa Januari mashua ilikuwa imekamilika: ya urefu wa kiganja, mbavu kumi na nne, mbao tisa kila upande. Ireen alimwita jirani aje aone. Kama Kabamba angeiacha hapo, habari ingeishia hapo.

Lakini mbao zilikuwa na nyufa kati yake, nyembamba kama unywele, na yeye ni mtu wa kalafati. Alipasha lami motoni, akaichovya pamba kwa spoki, akaiingiza chupani ikiwa moto. Aliziba ufa wa kwanza. Alipofika wa nne, moshi wa lami ulikuwa umeganda juu ya kioo chote kwa ndani, mweusi, wa kunata. Alisugua kwa pamba, ukatapakaa zaidi. Mashua ikawa haionekani tena. Mtu yeyote mwingine duniani asingepoteza chupa ile kwa njia ile.

Ireen aliinyanyua, akaitazama mwangani, akaona usiku mtupu.

"Bashi Taonga," akasema taratibu, "bato hii ingevujia wapi? Mu meza?"

Kabamba akaichukua chupa, akaipapasa. Maneno yalikuja moja moja, na safari hii yalikuwa ndiyo yenyewe.

"Bila kalafati... haiko bato."

Ireen aliichukua chupa, akaiweka pembeni. Kisha akafunga kitambaa kichwani, akaenda mjini kutafuta chupa nyingine.

Zilibaki siku ishirini na nane ziwa lifunguliwe. Nimewahi kufikiri kwamba ustahimilivu ni kelele, meno yaliyoumana, kiapo. Kwa Kabamba ulikuwa ni kupika tena uji wa udongo. Mkono wa kushoto sasa ulikuwa umekwisha pita njia hiyo. Mbavu za siku tano zilisimama kwa siku moja. Badala ya lami alifikicha nta ya nyuki na masizi ya sufuria vidoleni mpaka ikalainika kwa joto la mwili tu, akaisokota na uzi wa pamba, akaigongea nyufani kwa kishina cha spoki. Ireen alisema akiwa jikoni aliisikia kazi hiyo. Haikuwa sauti, ilikuwa mkwaruzo tu, kama kucha juu ya bati. Lakini mwendo aliujua, akaacha kukoroga akasikiliza.

Siku mbili kabla ya ziwa kufunguliwa, Colette alikuwa ufukweni na Aubrey, wakipima mbavu. Kabamba akaja na chupa chini ya kwapa, Ireen nyuma yake na ndoo. Walioshona nyavu wakaacha kushona.

"Fundi," Colette akasema, "iko muzuri, sikatae. Mais miye sikukuja juu ya mapambo. Nilikuja juu ya bato yangu."

"Maji," akasema Kabamba.

Ireen akachota maji ya ziwa akamimina chupani, polepole. Ufukwe mdogo wa udongo ukalainika, ukayeyuka, maji yakawa ya kijivu kama Mweru baada ya dhoruba. Kabamba akayamwaga kidogo kidogo, mashua ikibaki ndani kwa upana wake, na Ireen akamimina mengine, mara tatu, mpaka kioo kikawa safi. Hapo mashua ikaonekana. Haikugusa chini. Ilikuwa ikielea, imekaa sawa.

Kabamba akampa Aubrey chupa.

"Tingisha."

Aubrey akaitikisa kidogo, kwa adabu. Mashua ikalala ubavu, ikagusa kioo, ikainuka.

"Tingisha."

Aubrey akaitikisa kama ziwa linavyotikisa alasiri. Ikalala, ikainuka. Hakukuwa na aliyecheka. Colette akachukua chupa, akaisogeza jichoni.

"Kuko maji mu tumbo yake," akasema. "Bato yako inavuja, Papa."

Kabamba akafungua mdomo. Shingo ikamtoka mishipa, neno likakataa. Wote wakaangalia chini. Aliyesema ni Aubrey, bila kuonekana kama alikuwa amekusudia.

"Mbao iko mukavu, Mama. Bato yote inavuja siku ya kwanza. Mbao inakunywa, inavimba, inajifunga yenyewe. Ndo kesho unajua kama fundi alikuwa fundi." Akasita. "Yeye ndo alinifundisha ile."

Colette akawaangalia wote wawili. Kabamba akaingiza pamba kwenye ncha ya spoki, akayakausha yale maji ya tumboni hadi tone la mwisho, kisha akamrudishia Colette chupa.

"Bon," akasema Colette. "Nitalala nayo miye. Nisisikie kesho mutu aliingia kuikausha."

"Na usiikoroge usiku ukizani ni chai," Ireen akamwambia, na hapo watu wakacheka.

Asubuhi Colette alirudi ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, akitembea kama mwanamke aliyebeba sahani iliyojaa. Mashua ilikuwa juu ya maji. Tumbo lake lilikuwa kavu. Alimpa Kabamba chupa. Alimgeukia Aubrey.

"Utagonga pale yeye ataonyesha."

"Mama, tumbo ya mviringo inakula mbao mingi."

"Ikule."

Kazi ilichukua miezi mitatu. Maneno ya Kabamba yalipokwama alinyoosha spoki kwenye chupa, akahesabu mbao mpaka ile aliyoitaka, na Aubrey akaenda kuichonga. Walikosana mara nyingi. Mara moja Aubrey alitupa tezo chini na kuondoka kwa siku mbili. Aliporudi alikuta mahali pake pamefagiwa. Mashua iliingia majini mwezi wa Juni. Siku ya kwanza ilivuja.

Kabamba yuko Kabuta, upande wa kusini wa vichanja vya samaki. Anakaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia asubuhi hadi saa sita, isipokuwa Jumapili, chupa iko juu ya kreti kando yake, na anayegonga ni Aubrey.