Mjukuu Wangu Alipokuja Kuuliza Habari za Kahawa

Mjukuu wangu ana digrii mbili za uchumi. Ninaanza na hilo ili asiyependa kusikia bibi akijisifu aache kusoma mapema. Mimi niliishia darasa la nne. Digrii yake ya kwanza aliipatia Dar es Salaam, nikaonyeshwa picha tu. Ile ya pili ni ya hukohuko, ila ilipita nyumbani kwangu Nkoaranga, ndiyo maana naijua.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Zamani kahawa yetu yote ilikwenda ushirika, na malipo yalikuja walipopenda wao. Sasa wakaja wanunuzi binafsi, vijana wa pikapu, suruali zimenyooshwa, wanatundika mizani barabarani na kulipa papo hapo. Mwalimu wake wa chuo akamtuma awaulize wakulima wenyewe: tangu soko lifunguliwe, nani anauza, anamuuzia nani, na hela inafanya kazi gani nyumbani. Akirudi bila majibu, hana digrii. Na likizo ilikuwa fupi.

Asubuhi ya kwanza alitoka chumbani na kanga na ndala. Nikamrudisha.

"Wewe ni msomi au unakwenda kukata majani ya ng'ombe? Vaa!"

Akavaa suti ya buluu na viatu vya kisigino, nikampa na mkoba wangu wa kanisani. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mzee wa kanisa, akatutangulia ili wanaume wamsikilize. Maana kwetu Meru kahawa ni ya mwanaume, ndizi ni za mwanamke. Mwanamke anaichuma kahawa, anaimenya, anaianika, anaigeuza juani, lakini akiiuza huyo ni mwizi.

Tukazunguka. Kila mwenye mji aliisifia kahawa yake kama anayeozesha binti. Nzito, safi, haina mdudu. Mmoja alileta kiganja kizima amnusishe. Ukimuuliza anamuuzia nani, anacheka: "Inategemea wewe unatoa ngapi, mama."

Tulipokuwa tunashuka, jirani mmoja akanivuta pembeni. "Mama mkubwa, kampuni ya huyu mtoto wenu inalipa leo leo, au nayo inakopa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimemvalisha vilevile wanavyovaa wanunuzi. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa kwenye tope na suti yake. Mimi sikucheka. Yale majibu yote yalikuwa ya kutupa.

Kesho yake alivaa alivyotaka. Ulikuwa msimu wa kuchuma, na wanawake wa kwetu huchuma kwa zamu, leo kwako, kesho kwa mwenzako. Akafunga kikapu kiunoni, akaingia shambani nasi. Aliwaeleza anasomea nini, akawaahidi kwamba hatamtaja mtu, halafu akachuma. Kwenye kahawa hamtazamani usoni, mikono inafanya kazi na mdomo unajisemea. Akaanza mmoja, wakafuata wengine. Kwamba tangu pikapu zije, baba akitoka tu, mama anachota kisado cha kahawa kavu kwenye uchanja wa kuanikia na kushuka nacho barabarani, kimefunikwa ndizi kwenye beseni. Inatoka sare ya shule, inatoka dawa ya mtoto.

"Ushirika ulikuwa unamjua mume wangu tu," alisema mke wa shemeji yangu. "Pikapu haiulizi kahawa ya nani."

"Na akijua?" mjukuu wangu akauliza.

"Nitamwambia panya wamezidi."

Haikupita wiki, shemeji akaja kwangu. Hakukaa.

"Shikamoo, babu," mjukuu akamwamkia.

"Marahaba. Umechuma na mke wangu, bibi yako mdogo. Kahawa yangu inapungua uchanjani. Ni yeye?"

"Babu, niliwaahidi sitasema la mtu."

"Mimi ndiye niliyekupeleka kwa wanaume. Nikiwaambia wasikujibu, hawatakujibu."

"Najua, babu."

"Na digrii yako?"

"Itabidi iwe ya hao walionijibu."

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, sema na mtoto wako!"

"Niseme nini? Kaahidi. Mzee wa kanisa mzima unamfundisha mtoto kuvunja ahadi? Kaa unywe chai."

Hakunywa. Na alichosema alikifanya. Tulipopita, wanaume waliitikia salamu na kurudi ndani. Mjukuu wangu akarudi chuoni na maneno ya wanawake matupu. Mwalimu akamwambia huo ni utafiti nusu, abadilishe swali au aanze upya. Akabadilisha swali. Akaandika soko huria limewafanyia nini wanawake wanaochuma kahawa isiyokuwa yao, bila jina la mtu, bila jina la kijiji. Wenzake walihitimu akabaki nyuma mwaka mzima, na mwaka huo shemeji alikuwa akiniuliza kila Jumapili nje ya kanisa, "Msomi wako kamaliza?"

Alimaliza. Nilipompelekea shemeji habari ya mahafali alisema ana kazi shambani. Mkewe alikuja nami mpaka Dar es Salaam, amevaa kitenge kipya. Nauli alijilipia mwenyewe, na sikumuuliza kitu.