Wananiletea Mawazo Yao Kwa Majani Chai, Yangu Nipeleke Wapi?

...sasa vile nilikuwa nawaambia jana kabla simu izime. Admin ameniahidi kunificha jina, maana Nyamira yote iko kwa hii page. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, niliacha shule darasa la nne, na mdomo wangu unajulikana mpaka Masimba. Ndio watu walishangaa nikichaguliwa mhudumu wa afya ya kijiji. Tulifunzwa na sista wa hospitali, nesi yule huongelesha watu wenye mawazo mingi. Akatuambia, ukiambiwa kitu, inabaki kwako.

Hapa kwetu mtu hawezi enda kwa daktari wa akili aonekane. Ataitwa mwenda wazimu mpaka watoto wake wakose wa kuwaoa. Kwa hivyo wanakuja kwangu, ati wananisaidia kuchuna majani. Kwa majani kila mtu anaangalia mikono yake, hakuna kuangaliana macho. Mmoja anasema vile bwana anamfanya, mwingine vile hataki kuamka tena. Huyo nilimshika mkono mpaka hospitali.

Sasa mimi nilizoea nikisikia neno nalitoa, linaisha. Hizi hazitoki. Kanisani nacheka, watu wanasema huyu hana shida, lakini shamba langu mwenyewe nikiliona nasikia kulala chini. Majani imekomaa, maana hao wageni wangu huongea kuliko kuchuna. Mzee wangu ananiuliza kama nimeolewa kwingine.

Nikaenda kwa huyo sista nimwage kidogo. Nikamuuliza, "Sista, na wewe yako unapelekea nani?"

Akafunga mlango, akalia kama mtoto. Ati akifika nyumbani bwana yake akimsalimia hana hata nguvu ya kujibu, amesikiza watu siku mzima. Na mimi nilikuja na zangu. Nikameza. Nikamsimulia ng'ombe ya mahari ya jirani vile ilikataa kuingia boma, akacheka mpaka akashika meza. Tangu hapo naye anakuja kuchuna majani. Na hajui kuchuna, ananivunjia miti tu.

Mzee amesema nirudishe hospitali ile begi ya dawa walinipa, niache hii kazi, nimechoka mpaka nimekuwa mgeni kwake. Na nikirudisha, hawa wataongea na nani? Nyinyi wenye mnasoma hapa, kuna mwenye amebeba hii mzigo akaitua? Aliitua wapi? Niambieni tu, hata kama ni...

Ngojeni. Sista ananiita huko nje, na leo si siku ya majani, hata hajabeba kikapu. Hiyo sauti siipendi, ni kama ya yule hakutaka kuamka tena. Nakuja, sista, usisimame kwa barabara, ingia.