Msimu Baba Alipoachia Usukani

Asubuhi za nyumbani kwetu zilinuka dizeli kabla hazijanuka uji. Baba alikuwa akiamka kunapopambazuka, anavaa koti lake la kazi, anatoka nje kwenye baridi ile kavu ya kwetu, na muda si mrefu injini inaanza kukohoa. Kwanza aligeuza ufunguo nusu na kusubiri taa ndogo ya njano izimike, maana dizeli, alivyokuwa akisema, haipendi kuamshwa kwa pupa. Halafu alipiga stata. Gari lilitetemeka lote, likatema moshi mweusi uliojikusanya chini ya bati la banda, kisha mlio ukatulia, mzito na wa taratibu, kama mawe mawili yanayosaga uwele. Harufu ile ilipita dirishani, ikaingia kwenye mablanketi, ikaingia kwenye sare zangu za shule. Wenzangu darasani walijua nimefika kabla hawajaniona. Sikuona aibu. Katika kijiji chetu, upande wa Chemba, hakukuwa na nyumba nyingine yenye harufu hiyo.

Baba alikuwa bwana mifugo, Mgogo wa Chamwino aliyeletwa huku na kazi akaoa huku huku. Gari hilo alilipata kwenye mnada wa magari chakavu kabla sijazaliwa: gari refu la kijani, milango mitano, lililotumikishwa na wakubwa hadi wakalichoka. Watu waliliita Kifaru. Lilikuwa na matatizo yake, na baba aliyajua yote kama mtu anavyozijua tabia za ng'ombe wake. Springi za nyuma zilikatika karibu kila kiangazi kwa sababu ya zile barabara zenye mawimbi ya mchanga. Dizeli iliyouzwa kwenye madumu ilichanganyika na maji, kwa hiyo kila Jumamosi alilala chini ya boneti kuyamwaga maji kwenye chujio, huku mimi nimeshika kopo. Rejeta ilizibwa na maganda ya alizeti na mbegu za nyasi. Lakini halikuwahi kutulaza njiani. Lilibeba magunia ya karanga, mabibi harusi, chanjo za ng'ombe kwenye maboksi ya barafu, wagonjwa, na mara nyingine wafu waliofungwa kwenye shuka. Hakuna aliyekataliwa. Mama, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alisema kwamba hatukuwa na gari, tulikuwa tunalitunza tu gari la kijiji.

Nikiwa darasa la tano, mvua zilipoanza, Kifaru kilianza kugonga vitu. Mwanzoni kilipoteza kioo cha pembeni cha kushoto, kikachukuliwa na tawi la mgunga uliokuwa umesimama pale pale tangu nizaliwe. Kisha kikakwangua nguzo ya lango letu wenyewe. Siku moja tukitoka mnadani, mbuzi wa jirani alikatiza kutoka upande wa kulia, taratibu, kwa namna ambayo hata mimi nilikuwa na nafasi ya kusema "baba, mbuzi!" Baba hakukanyaga breki mpaka tuliposikia kishindo. Alishuka, akamtazama yule mbuzi muda mrefu kuliko inavyostahili, akasema, "Mbuzi wa siku hizi hawana akili." Nilicheka kwa sababu nilidhani anatania. Tulipopanda tena hakuwasha gari mara moja. Alifuta macho kwa pindo la shati, akafuta tena, akaniambia, "Dori, kuanzia leo ukae mbele. Unisomee barabara."

Nilifurahi, maana kiti cha mbele kilikuwa cha watu wazima. Nilimsomea: shimo kushoto, baiskeli inakuja, bibi mwenye kuni kulia. Yeye alitazama mbele kabisa, hakugeuza shingo, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Watu wakimpungia mkono kando ya njia hakuwajibu, nao wakaanza kusema bwana mifugo siku hizi ana maringo. Niliwajibu mimi, nikinyoosha mkono dirishani na kupiga kelele, "Shikamooni!" ili kuziba pengo. Nyumbani aliniambia tusimsumbue mama kwa mambo madogo. Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walisema, ila sikujua kama hayo ni maradhi. Hakuwa na homa, hakulala kitandani, hakulalamika maumivu. Alikuwa anakula ugali wake na mlenda vizuri tu.

Mama ndiye aliyemfumania. Jioni moja tulikuwa mezani, na chupa ya chai ilikuwa kando ya kiwiko cha kushoto cha baba.

"Baba Dori, macho yako mazima?" mama aliuliza.

"Mazima."

"Basi nipe hiyo chupa ya chai."

Baba alitazama mezani. Akatazama mbele, akatazama kwenye sahani ya mama, mkono wake ukapapasa kwenye kitambaa, na kiwiko kikaiangusha chupa sakafuni. Mama alichukua tambara akafuta chai, akafuta na mahali ambapo haikumwagika. Asubuhi yake hatukusikia injini. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa mama, ule wa kubebea madaftari, na baba alikuwa amekaa nje kwenye kigoda akiwa na koti lake la kazi. "Mwisho wa muhula tutakwenda mjini kwa daktari wa macho," mama aliniambia njiani kwenda shule. "Mpaka hapo hilo gari halitoki." Sasa nilielewa kwamba kuna jambo, na kwamba wakubwa pia hawana la kufanya.

Katazo hilo halikufika hata mwisho wa wiki. Mchana mmoja, mvua ikiwa imekata kidogo, Idi alikuja akikimbia. Idi alikuwa jirani yetu, mkulima wa alizeti, kijana mpole ambaye hakuwahi kupita mlangoni kwetu bila kumwamkia baba. Siku hiyo hakuamkia. Mkewe, Zaituni, alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga alikuwa ameshamshika tumbo akasema mtoto amekaa kimkingamo na yeye hamuwezi. Ilibidi afikishwe hospitali, ng'ambo ya korongo. Pikipiki haingefaa, hakuweza hata kukaa. Baba alisimama. Aligeuza uso upande aliko mama. Mama alimtazama yeye, akamtazama Idi, akanitazama mimi, kisha akafungua mkoba.

Mama na mkunga walikaa nyuma na Zaituni kwenye godoro, Idi akabana pembeni yao, mimi nikakaa mbele. Sijawahi kuongea sana maishani mwangu kama nilivyoongea kwenye njia ile. Kulia kidogo, baba. Nyooka. Punguza, kuna utelezi. Ng'ombe, simama. Haya, nenda. Nilijitahidi sauti isitetemeke, na kila Zaituni alipolia nilipaza yangu zaidi ili baba anisikie. Idi alikuwa ameshika kichwa cha mkewe, hakuuliza kwa nini mtoto ndiye anayeelekeza. Mvua ilirudi tulipofika kwenye mteremko, na kabla hatujaliona korongo tulilisikia.

Kwetu makorongo huwa mchanga mtupu mwaka mzima. Watu huchimba visima humo, watoto hucheza humo. Siku ile lilikuwa limejaa maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo, yanakokota magogo. Katikati ya kivuko kulikuwa na jiwe kubwa ambalo madereva walilitumia kama kipimo: likionekana kichwa, gari refu linapita.

"Jiwe unalionaje?" baba aliniuliza.

"Silioni, baba."

"Tazama vizuri."

Nilitazama vizuri. "Halipo."

Baba akavuta breki ya mkono. Idi aliruka chini akaja dirishani, maji yanamchuruzika usoni. "Mzee, pita! Gari lako linapita popote, mzee, nimeliona mwenyewe likipita! Nakuomba!"

Baba alishika usukani kwa mikono yote miwili. Injini ilikuwa inanguruma ile ile sauti yake nzito, yenye nguvu zake zote, na hazikuwa na kazi. "Idi, mwanangu," alisema, "mimi sioni. Lakini hata ningekuwa naona, hapa nisingepita. Maji haya yatatuua wote."

Mlio wa mvua kwenye bati la gari ulikuwa mkubwa, lakini nadhani kila mtu alisikia. Mama aliinamisha kichwa. Idi alimtazama baba kama mtu aliyepigwa kofi, akapita mbele ya gari, akaingia majini hadi magotini, akarudi, akaingia tena, akarudi. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya kwenye ukingo ule, kwa hiyo alifanya hicho. Baba aliacha injini ikiunguruma ili ndani kuwe na joto. Mimi niliambiwa nitazame mbele tu, nisigeuke, na niseme jiwe likitokea. Nikatazama maji mpaka yakaonekana yamesimama na sisi ndio tunakwenda. Nyuma yangu mama alikuwa akisema, "Jikaze, mwanangu, jikaze." Baadaye sana Zaituni alipiga ukelele ambao haukufanana na zile nyingine, halafu kukawa kimya, na nikangoja kusikia sauti ndogo. Sikuisikia. Mkunga alisema, "Wa kiume," akasema kwa upole, kama anaomba radhi.

Jiwe lilitokea jua linapokaribia kuzama. Nilimwambia baba, akaingiza gia nzito, akaniuliza usawa wa matairi, tukavuka maji yakigonga milango. Zaituni alikuwa anavuja damu, lakini wauguzi walimpokea wakamwahi, na yu hai hadi leo. Baba alipozima injini mbele ya hospitali, alichomoa ufunguo, akaushika kidogo, kisha akaunyoosha hewani bila kujua mama amesimama wapi. Mama akaufuata mkono wake. Idi alikuja, amebeba mtoto wake ndani ya kanga. Tulidhani anakuja kulaumu. Alisema tu, "Pole, mzee. Sikujua."

Gari lilirudishwa na dereva wa kuazima. Mjini daktari alimwambia baba kuwa ni presha ya macho, kwamba huanza kula pembeni na kwenda katikati, na kwamba kilichokwisha kuliwa hakirudi. Hujafa hujaumbika. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akitembea kwa kunishika bega. Kwa miaka kadhaa aliendelea kutoka alfajiri kuwasha Kifaru kikiwa kimesimama bandani, akisikiliza, akisema nozeli moja inachelewa kupuliza dizeli, mpaka betri ilipokufa na kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Mwishowe lilichukuliwa na fundi mmoja wa Kondoa aliyetaka injini tu.

Siku hizi nafanya kazi mjini Dodoma na nimepanga upande wa Chimwaga, mahali ambapo nilipokuwa mdogo palikuwa vichaka na sasa wanafunzi wanapita na simu masikioni. Korongo lina daraja. Nikienda nyumbani na kigari changu cha petroli nalipita bila hata kupunguza mwendo, na nikikutana na Zaituni tunaulizana habari za watoto, wake na wangu, bila kumtaja yule mmoja. Mama alifariki. Baba anaishi nami. Juzi nilikwenda kupima macho nikidhani nahitaji miwani ya kusomea, na daktari, binti mdogo kuliko mimi, akaniuliza kama katika familia kuna mtu aliyepofuka. Alinipima kwa muda mrefu. Akaniambia presha imeanza kupanda, jicho la kushoto, lakini nimewahi, na kwamba nikitia dawa ya matone kila siku huenda nikazeeka nikiwa naona. Nilimuuliza dawa hiyo imekuja lini nchini. Akasema ilikuwepo tangu zamani, hata miaka ile, ila watu wa mbali walikuwa hawajui, au wanachelewa.

Nilimkuta baba amekaa barazani. "Wamesemaje?" akauliza, na sikuweza kumficha lolote, hata hilo la dawa kuwepo tangu miaka ile. Akanyoosha mkono, akataka nimpe hiyo dawa. Aliitoa kwenye boksi lake, akaipapasa kizibo hadi kitako, akaitikisa karibu na sikio. Iliishia ndani ya ngumi yake.

"Kumbe ni kachupa kadogo hivi," alisema.