Kichwa cha Muirenn Siku ya Pombe ya Uhuru

Kwa miaka kumi na saba Muirenn alisuka vichwa vya wanawake wa Ribe, mji wa Denmark ya kale, na chake kikanyolewa kila baridi ilipokwisha, siku moja na kondoo, kwa mkasi uleule. Nywele za mtumwa hazipiti sikio. Vichwa alivyovisuka vilijaa chawa na majivuno, sijui kipi zaidi, lakini vikipita mikononi mwake vilitoka na fundo kisogoni na mkia ukining'inia hadi kiunoni, utadhani ni vya wake za miungu.

Mwaka huu bibi yake, Gyrid, alikubali kumwacha huru, na mkasi haukumgusa. Muirenn akapika pombe yake mwenyewe, kama desturi inavyodai. Bibi akinywa pembe ya kwanza mbele ya mashahidi, mtumwa ni huru. Asipoinywa, pombe ni pombe tu, na mtumwa ni mtumwa.

Wageni wakajaa hadi mlangoni. Gyrid akatokea, nywele zimemtimka kama kiota cha korongo, chanuo mkononi.

"Nisuke kwanza, Muirenn, ndiyo ninywe. Mara ya mwisho tu."

Muirenn alilijua chanuo lile, kila jino lake. Akilishika sasa, mashahidi watasema walimwona akitumika.

"Leo sisuki, bibi."

"Ehe! Na hicho kisogoni ni nini? Mavi ya panya?"

Nywele za Muirenn zilikuwa na urefu wa kidole. Asubuhi alizikusanya zote, akazichoma kipini cha mfupa.

"Ni fundo, bibi. Dogo, lakini langu."

Watu wakaangua kicheko. Mke wa mhunzi, aliyekuja na kiu tangu asubuhi, akapaza sauti: "We Gyrid, kunywa! Povu linakufa, na sisi hatukuja kutazama kiota!"

"Kunywa! Kunywa!" nyumba nzima ikadakia.

Wapo wanaomwogopa Gyrid, ila si mbele ya pombe iliyokwisha iva. Akainua pembe, akanywa, povu likamganda puani. Muirenn akaenda kuketi kwenye benchi la wanawake huru, katikati kabisa, shingo kaisimamisha kama aliyebeba nywele za kufika magotini.

Baadaye Gyrid akamsogelea, akanong'ona: "Kesho je, utanisuka?"

"Njoo kwangu, Gyrid," akajibu, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Ila mke wa mhunzi kashatangulia."